Pasaka ya Mochudi

Pasaka hii nimeila Mochudi, kwa Bakgatla, moja ya makabila ya Watswana, kaskazini kidogo ya Gaborone. Dada wa mwenzangu wa bwenini alikuwa anaolewa, nikaambiwa harusi ya Botswana haisomwi chuoni, funga mzigo twende.

Nilipofika nilipewa kisu na lerotse, tikiti la kupikia ambalo huchanganywa na unga wa mtama likawa bogobe, yaani uji mzito. Nikaketi na wasichana tukamenya. Kila aliyepita alisalimiwa, “Dumela mma,” “Dumela rra,” hata awe amepita saa hiyo hiyo.

Nyama hatukuigusa, maana seswaa, nyama ya kuchemshwa na kupondwa, ni kazi ya wanaume. Vyungu vya chuma vya miguu mitatu vilikaa juu ya kuni tangu jioni: nyama ya ng’ombe na mifupa yake, maji, chumvi, basi. Mimi mtoto wa Tanga nikauliza bizari ziko wapi. Mzee aliyekuwa akichochea moto alinitazama kama niliyeuliza ng’ombe alivaa viatu namba ngapi. Usiku wa manane nyama ilianza kuachia mfupa yenyewe. Wakaichomoa mifupa, wakashika miti, wakaiponda humo humo chunguni mpaka ikawa nyuzinyuzi. Nikaonjeshwa kiganjani. Bibi yangu asisikie, lakini haikutaka hata ndimu.

Alfajiri ndiyo patlo, upande wa mume unapokuja rasmi kuomba mke. Wanawake walivaa magauni ya kitambaa kiitwacho leteisi, vilemba, na mabegani mablanketi ya mirabaraba yaitwayo mogagolwane, yamebanwa kwa pini kifuani. Hayo ni ya walioolewa, na ni wenye ndoa tu wanaoketi kwenye patlo. Sisi wengine tulibaki nyuma ya ua. Kwa kweli sikupenda. Mwenzangu anasomea sheria, halafu mambo ya dada yake wa tumbo moja anayapata kwa kuchungulia! Yeye mwenyewe wala hakujali. Alikuwa akininong’oneza nani ni malome, mjomba wa bibi harusi, ambaye bila yeye shauri haliendi.

Baadaye shangazi mmoja alikuja kupumzika kwetu, akanifungulia habari za bogadi, ng’ombe wa mahari. Kwao, baba ambaye hajamlipia mkewe hana uso wa kupokea ng’ombe wa binti yake. Kwa hiyo wapo wazee wanaomaliza deni la mama nywele zikiwa zimeshakuwa mvi, kisa binti amepata mchumba. Nikaona hapo kuna akili: deni la ndoa halifi, linasubiri kizazi kinachofuata kilidai.

Kisha akanigeukia: kwenu Tanga ng’ombe wangapi? Nikamwambia kwetu siku hizi mahari ni fedha, pengine na kitanda na godoro.

“Godoro?” Akawaita wenzake waje wasikie.