Paneli ya kufuata jua: mota inafika, kutulia ndo shughuli

Jumamosi

Leo nimefunga paneli yenyewe kwenye shafti, maana mpaka sasa nilikuwa napima mota tupu na mota tupu inakudanganya. Ni ileile mota ya waipa ya voltu 12 ya kwa wauza spea chakavu Ngamiani, Tanga, na upande wa pili wa shafti kuna potenshiometa, kipimo kinachozunguka na shafti, inayoipa pembe Arduino, yaani kikompyuta kinachoiongoza mota. Nyuzi 270 za mzunguko wake ukizigawa kwa hatua 1024 za Arduino unapata kama nyuzi 0.26, chini ya hapo haioni kitu.

Nikaiambia nenda nyuzi 60. Ikafika 75, ikarudi, ikapita tena kidogo huku chini, mwisho ikagota 57. Kupitiliza asilimia 25 ni dampingi (kiasi cha kutuliza myumbo) ya kama 0.4, na bila paneli haikuwa hivyo, ila ukiongeza uzito huku msuguano na P (umeme unaotolewa kulingana na kosa, yaani tofauti ya pembe ninayoitaka na iliyopo) viko vilevile lazima iyumbe.

Kuyumba sawa, hiyo 57 ndo imenikera. Kwa hesabu, mota ukiipa umeme haiachi kuzunguka mpaka kosa liishe, kwa hiyo kosa la mwisho lilitakiwa liwe sifuri. Hesabu hiyo haina msuguano lakini! Likibaki kosa la nyuzi 3, P inatoa kaumeme kadogo ambako hakawezi kuing'oa giya, mota imesimama inaunguruma tu mmmm na inapata moto bure. Pandisha P, kosa linapungua, kupitiliza kunazidi. Hapo huna ujanja kwa P peke yake.

Jumapili

D, ile inayopunguza umeme kadiri mwendo unavyokuwa mkali, imesaidia sana, nimeichukua kwenye pembe inayosomwa na sio kwenye kosa, ili nikibadilisha pembe ninayoitaka mota isishtuke. Kupitiliza kumebaki kiduchu.

Nikaweka I, inayojumlisha kosa muda unavyokwenda, kumalizia zile nyuzi 3. Ikazimaliza kweli, halafu ikaanza vituko: inasimama, I inajikusanya taratibu, inang'oka kwa kishindo na kupitiliza, inasimama upande wa pili, inajikusanya tena, hivyo hivyo haiishi. Mzee jirani kachungulia ukutani, "Mwanangu, hilo dude linamtafuta nani?" Nikacheka, maana ndo linachofanya, linatafuta.

Dawa: kosa likishuka chini ya nyuzi 0.5 nazima mota na I naifuta, haiamki mpaka kosa lifike 2. Kwa paneli nyuzi 2 si kitu, kosaini yake ni 0.9994, hasara haifiki hata asilimia 0.1. Na jua linatembea kama nyuzi 15 kwa saa, so mota inaamka kama kila dakika 6 mpaka 8 na muda wote mwingine imelala, betri inapumua. Ingekuwa mkono wa roboti nisingekubali, hapa poa tu.

Kilichobaki ni upepo. Giya ya waipa ni ya skrubu, paneli haiwezi kuisukuma mota irudi nyuma, ila meno yana nafasi, nikiishika paneli inacheza na potenshiometa inauona mchezo wote. Nafunga springi iivute upande mmoja muda wote, kusi likipiga vizuri napima tena.