Mwalimu, mbona mwanangu bado hasomi?

Jamani wazazi wenzangu, nafundisha awali huku Mikindani na swali hilo silikosi, na mtoto mwenyewe unakuta ana miaka 5 tu. Naelewa mnawapenda, ila haraka ya nini?

Mimi naanza na irabu, a e i o u, tunaziimba mpaka ulimi uzoee, maana Kiswahili chetu mtoto akishashika hizo tano vizuri basi m ikija anapata ma me mi mo mu bila kulia. Na nafundisha sauti ya herufi sio jina lake, ukimkaririsha "em" halafu umwandikie mama atasomaje, si anaanza na ema?

Leo tumeandikia mchangani. Kuna binti anachanganya sana b na d, nikamshika kidole tukachora pole pole, b fimbo kwanza tumbo baadaye, d tumbo kwanza fimbo baadaye, tukafuta tukarudia, mara kaniachia mkono kaandika baba peke yake!! Nilifurahi mno yani.

Halafu zile chati za dukani zenye q na x, Kiswahili hatuzitumii hizo, ziacheni zije na Kiingereza. Ng' ya ng'ombe nayo msiwabane saizi, itafika.

Na nyumbani mkiwa na vijiwe, mtoto avipange chini atengeneze s, atengeneze k. Na mwenye maboksi matupu naomba aniletee darasani nikate herufi za kushikika.