Mchezaji akihamia benchi, ajifunze kwanza kuhesabu taimauti

Novemba 2013, kocha Jason Kidd alimwaga soda sakafuni kwa makusudi. Timu yake ya mpira wa kikapu, Brooklyn Nets, ilikuwa nyuma dhidi ya Lakers, sekunde chache zimebaki, taimauti zote, yaani mapumziko mafupi ambayo kocha huomba, zimeliwa. Sakafu ilipokuwa inafutwa, benchi lake lilipata nafasi ya kupanga shambulizi. Nets walifungwa 99-94 hata hivyo, na ligi ikamtoza dola 50,000. Mtu huyu alikuwa amecheza misimu 19, bingwa wa 2011 na Dallas, na alipewa ukocha siku chache tu baada ya kustaafu. Kuusoma mchezo alijua kuliko wengi. Kilichomshinda ni hesabu ya benchi.

Ninalileta hili Kampala kwa sababu Silverbacks, wachezaji wa timu ya taifa, waliocheza AfroBasket (kombe la Afrika) ya kwanza ya Uganda, ile ya Tunisia 2015, sasa wamefika umri wa kushika ubao wa kuchorea. Na ukikaa jukwaani katika uwanja wa Lugogo utaona kosa la mchezaji wa zamani haliko kwenye mbinu. Liko mezani, kwa wanaoandika mchezo.

Kwa sheria za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, kocha ana taimauti 2 katika robo mbili za kwanza na 3 katika robo mbili za mwisho. Muda wa ziada, 1. Za kipindi cha kwanza usipozitumia zimepotea, hazihamii. Mtego wenyewe uko robo ya nne: saa ya mchezo ikifika 2:00, yaani zimebaki dakika mbili, huwezi kutumia zaidi ya 2. Kocha aliyebana zote 3 akidhani anaweka akiba ameshachoma moja. Ukiona saa inakaribia 2:10 na bado unazo tatu, omba moja hata kama ni ya kuwapa wachezaji maji tu.

Kuna tofauti nyingine inayowasumbua waliokulia kwenye televisheni ya NBA, ligi ya Marekani. Kule mchezaji anaweza kuomba taimauti. Kwetu ni kocha mkuu au msaidizi wa kwanza tu, tena kupitia meza, na hutolewa mpira ukiwa umesimama, au wapinzani wakikufunga kikapu. Kumpigia refa kelele mpira ukiwa unachezwa hakusaidii kitu. Ombi liwe mezani mapema, kabla kikapu hakijaingia.

Taimauti ni dakika moja, lakini kutembea, kukaa na kunywa maji vinakula sekunde 15 hivi. Kinachobaki kinatosha jambo moja la ulinzi na moja la shambulizi. Mchezaji wa zamani huona makosa sita na huyataja yote sita.

Kazi yenyewe iko mazoezini. Chukua skrini, yaani mshambuliaji kusimama amzibe beki njia ili mwenzake mwenye mpira apite. Beki mzoefu akizibwa njia huamua kabla hajafikiri: apite mbele ya anayeziba, azunguke nyuma yake, au wabadilishane watu na mwenzake. Miaka 15 mguu umejifunza wenyewe. Akiwa kocha anafoka, "Pigana na skrini!" na kijana wa chuo aliyetoka Mukono anabaki ameduwaa, kwa sababu hajaambiwa apigane vipi.

Kivunje kitendo hicho vipande. Mwenye mpira akiwa mtupaji mzuri wa pointi tatu, kutoka mita 6.75, pita mbele, hata kwa kubanana. Akiwa hatupi, zunguka nyuma umsubiri njiani kwenye kikapu. Anayemlinda mweka skrini ataje upande, "Kulia!", kabla miili haijagusana; akitaja baada ya kugongana ni kelele tu. Anza wawili kwa wawili, nusu uwanja, dakika 6 kwa kila njia bila kuzichanganya. Kubadilishana kuje mwisho, kwani ndiko kunakoharibika zaidi: walinzi wote wawili humfuata mwenye mpira, na yule mrefu aliyeweka skrini anakwenda kikapuni peke yake kama anakwenda sokoni.

Usiingie zoezini mwenyewe. Onyesha mara mbili, toka. Kocha akiwa bado na mikono mitamu, wachezaji kumi husimama kumtazama, na zoezi linageuka onyesho.

Jicho nalo lifundishwe upya. Mchezaji hufuata mpira. Kocha, dakika 3 za kwanza, aangalie upande usio na mpira. Hapo ndipo utajua nani haingii kusaidia na nani anapumzika.

Viwanja vingi vyetu havina paa, na mvua ya jioni haiombi ruhusa. Panga dakika 90, lakini kazi ya sakafu kavu, yaani kukata na kubadili mwelekeo, iende nusu ya kwanza. Mitupo huru na kutembea polepole ndani ya mipango vibaki mwisho. Lami ikilowa, ahirisha mbio. Goti la mchezaji halina akiba.

Klabu ndogo isiyo na kocha inaruhusiwa kumtumia kapteni kama mchezaji-kocha. Inawezekana, ila mpe mtu wa karatasi. Majina ya timu yanatakiwa mezani angalau dakika 40 kabla ya mchezo, na dakika 10 kabla yathibitishwe, yasainiwe na watano wa kuanza watajwe. Mtu huyohuyo ahesabu faulo za timu, kwa sababu kuanzia ya 5 katika robo wapinzani wanapata mitupo huru miwili. Na achore mistari 5 ya taimauti, miwili juu, mitatu chini, akate kila unaotumika na aseme idadi iliyobaki kwa sauti, hata kama hakuna aliyemuuliza.