Kutarizi kwa mkono juu ya kitenge: ninavyoamua nitengeneze nini

Kitenge kinafika mkononi kikiwa tayari kimejaa maua, ndege, duara na mistari. Kazi ya kutarizi juu yake ni kuchagua machache ya kukazia na kuyaacha mengine yalivyo. Ukijaza kila ua, kitambaa kinakuwa kizito na kigumu, na jicho halijui litue wapi. Kwa hiyo mimi huamua kwanza kitu nitakachotengeneza, halafu sehemu ya kushona, na mshono wenyewe huja mwisho. Maswali yangu ni mawili tu: kitu hiki kitafuliwa mara ngapi, na kitasuguliwa na nini?

Anayeanza mimi humpendekezea foronya ya mto wa kochi. Inatazamwa kutoka mbali kidogo, haifuliwi kila wiki, na ua moja la sentimita 15 hadi 20 linatosha kuipendezesha. Kwa mto wa sm 40, upande wa mbele unahitaji sm 42 kwa 42, na wa nyuma vipande viwili vya sm 42 kwa 29. Kila kimoja cha nyuma kinapigwa upindo wa sm 2, vinapandana kwa sm 12, na hapo huhitaji zipu. Upande wa mbele siukati kwa kipimo hicho mapema. Huukata sm 50 kwa 50 ili fremu (duara la kukazia kitambaa) ipate pa kushika, na ziada huondolewa mwishoni. Kwa kuwa kitenge kina upana wa kama sm 115 hadi 120, yadi moja na robo inatoa foronya mbili. Lakini maua yakiwa makubwa na yamepangwa mbalimbali, nunua yadi mbili, la sivyo ua lako zuri litaangukia ukingoni.

Nguo ni habari nyingine. Shati hupata jasho, hufuliwa kila mara, na bega lake husuguliwa na mkanda wa begi. Hapo natumia zaidi mishono iliyolala: mshono wa nyuma (sindano inarudi nyuma kila hatua), mnyororo (vitanzi vinavyofuatana), na ule wa bua unaojisokota kama kamba. Mshono wa kujaza, ambao nyuzi zinalala sambamba na kufunika eneo zima, kwenye nguo nauzuia usizidi mm 6 kwa urefu. Ukirefuka, bangili na kucha zinaunasa. Kwenye mto unaweza kufika mm 10. Kanzu ya Kiganda inatufundisha vizuri pa kuweka tarizi: ile rangi ya maruni inakaa shingoni, kifuani kushuka tumboni, na mikononi, yaani mahali anapotazama mtu anayekusalimia. Gomesi, gauni la kitamaduni la wanawake wa Uganda, nayo, kwa kuwa kiuno na nyonga hufunikwa na mshipi, haina maana kushona huko. Weka kazi yako kwenye ile shingo ya mraba. Pochi na mikoba inafaa mradi uitie bitana, maana funguo na kalamu zitakwaruza nyuzi za upande wa ndani hadi zikatike.

Kuhusu kununua, Kampala nenda Kiyembe au Kikuubo, na ukifika usiangalie rangi peke yake. Geuza kitambaa. Nyuma ikiwa imekolea sawa na mbele, hicho ni cha nta, kimechapwa pande zote mbili, na unaweza kuchagua upande wowote. Nyuma ikiwa imepauka, kimechapwa upande mmoja. Kinatarizika pia, ila kwenye nguo za kufuliwa sana kitachakaa mapema. Omba uchomoe uzi mmoja pembeni pa kipande, kisha ukiwa nje uuchome kwa kiberiti. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kwa kutarizi nataka pamba. Poliesta huteleza kwenye fremu, na pasi ya moto unaohitajika kunyoosha nyuzi za pamba inaweza kuiharibu.

Kabla ya sindano, kitambaa kifuliwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kianikwe kivulini, kipigwe pasi. Hatua hii watu huiruka, na hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Kitenge kipya kina wanga unaokifanya kiwe kigumu, na pamba yake bado haijaruka, yaani haijapungua kwa kufuliwa. Ukitarizi kabla hakijaruka, siku ya kwanza ya kufuliwa kitambaa kitajikunyata lakini uzi wako utabaki na urefu uleule, na mishono italegea na kusimama. Wakati huohuo pima kama rangi inachuja: lowesha kona, weka kitambaa cheupe juu yake, kandamiza kwa pasi ya moto. Nyekundu na buluu iliyoiva ndizo za kushuku zaidi. Chumvi na siki hazitazuia rangi iliyolegea. Fua na kusuuza mpaka maji yawe safi, na kama hayasafiki, kitambaa hicho kiache. Uzi nao upimwe hivyohivyo, hasa ule wa bei ya chini.

Sasa rangi ya uzi. Kosa la kawaida ni kuchagua uzi wa rangi ileile ya ua. Ukiushika karibu unapendeza, ukirudi nyuma hatua mbili umepotea. Kinachoonekana kwa mbali ni tofauti ya weupe na weusi. Mimi hulaza nyuzi kadhaa juu ya kitambaa, nikapiga picha kwa simu na kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe. Uzi unaoyeyukia ndani ya picha hiyo hautaonekana hata kama ni wa rangi nzuri kiasi gani. Kwenye ua la rangi ya chungwa, kwa mfano, kitakachosaidia ni njano iliyopauka sana au kahawia iliyoiva, na chungwa nyingine haitafanya kitu. Na kitenge chenye rangi tano hakihitaji ya sita. Chukua mbili au tatu ambazo tayari zimo, uzisogeze kwenye weupe au kwenye giza.

Uzi wa kutarizi wa pamba, kama wa kampuni ya DMC, huja kwa kifungu cha mita 8 chenye nyuzi ndogo 6 zilizolala pamoja. Usishone na zote sita kwenye kitenge. Kitambaa kimefumwa kwa kubana na utatoboa matundu. Nyuzi mbili zinatosha kwa kazi nyingi, tatu kwa mistari ya mto. Kata urefu wa kama sm 45, shika ncha, kisha vuta uzi mmoja peke yake kwenda juu. Nyingine zitajikusanya chini ya vidole na kujinyoosha zenyewe ukishamaliza kuuvuta. Ukivuta mbili kwa mpigo, zitafungana. Baada ya hapo ziweke tena pamoja na kuzitia kwenye sindano ya kutarizi, namba 7 kwa nyuzi mbili, namba 5 kwa tatu. Namba ikiwa ndogo sindano ni nene.

Hesabu ya uzi ifanye kabla hujatoka dukani. Ukitumia nyuzi mbili, kifungu kimoja kinakupa mita 24. Mshono wa nyuma, wa bua na wa mnyororo kila mmoja hula takriban mara tatu ya urefu wa mstari, kwa hiyo mstari wa mita 1 unataka mita 3 na ziada ya kufungia. Ule wa kwenda mbele tu, mfano wa bandi (mshono wa muda wa kushikiza), hula karibu urefu wa mstari wenyewe. Mlaji mkubwa ni mshono wa kujaza: sentimita moja ya mraba inameza kama sm 36, kwa sababu uzi unafunika mbele na nyuma. Kifungu kizima kinafunika basi kama sm 66 za mraba, na ukiondoa ncha zinazotupwa hesabu 50. Ua lenye upana wa sm 18 lina eneo la zaidi ya sm 250 za mraba. Ukilijaza lote, umemaliza vifungu vitano. Ukilichora ukingo kwa mnyororo, ukajaza kitovu peke yake na kutawanya vifundo vichache vya mapambo, kifungu kimoja cha kila rangi kinatosha, na chapa ya kiwandani inaendelea kuonekana. Mimi naona hilo la pili linapendeza zaidi hata bila kufikiria bei.

Fremu ya duara ya sm 15 hadi 18 ndiyo rahisi kushika. Zungushia utepe wa pamba kwenye duara la ndani ili kitambaa kisiteleze wala kisipate alama. Kitambaa kikazwe hadi kikigongwa kilie kama ngoma, ila kivutwe kufuata mtande na mshindio (nyuzi za urefu na za upana), kisivutwe mshazari. Kitenge kilichovutwa mshazari huonekana sawa ndani ya fremu. Ukikitoa, duara zote zimekuwa mayai na tarizi yako imekunjamana. Mapumziko yakiwa marefu, toa fremu.

Kitenge chepesi kiongezee amerikani iliyofuliwa upande wa nyuma, ipige bandi pembe kwa pembe, na kushona tabaka zote mbili pamoja. Hii inazuia kukunjamana na inaficha nyuzi za nyuma. Hata hivyo usiruke na uzi zaidi ya sm 1 kutoka ua hadi ua: katisha, pitisha ncha ya sm 3 chini ya mishono iliyokwisha, uanze upya. Mafundo ya kufungia uzi usiyaweke, maana pasi huyachapa upande wa mbele. Mstari uliopinda ushone kwa hatua za mm 3, ulionyooka mm 5. Usifuate ukingo wa chapa kwa ukali sana, kwani rangi za kitenge mara nyingi hazikukaa sawasawa na mistari yake. Chagua mstari mmoja, ufuate huo.

Lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho utengenezaji wake UNESCO iliuandika kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2008, inatoa njia nyingine kwa mapambo ya ukutani. Kata ua la kitenge ukiacha mm 5 pembeni, kunja ukingo, ulishonee juu ya lubugo kwa mshono wa blanketi. Lubugo haikufumwa, hivyo haichomoki nyuzi na haihitaji upindo. Lakini matundu mengi yaliyokaribiana huichana, na haifai kufuliwa. Tarizi ya ndani ya ua ifanyike kabla, kitambaa kikiwa bado peke yake. Mishono inayogusa lubugo iachane mm 6 au zaidi.

Kazi ikiisha, igeuze kifudifudi juu ya taulo nene na kuipiga pasi kwa nyuma ikiwa na unyevu. Taulo inameza mishono, haibonyei. Mwenye pasi ya makaa aweke kitambaa cheupe kibichi katikati, maana jivu moja likidondokea uzi mweupe halitoki. Acha ipoe kabisa, kisha pima upya kutoka katikati ya ua: tarizi huvuta kitambaa milimita kadhaa, na ndiyo sababu nyingine ya kutokata ile sm 42 mwanzoni. Chora sm 42 kwa chaki ya fundi, hakikisha hakuna mshono wa tarizi ulio karibu na mstari kwa chini ya sm 2 ili mguu wa cherehani upite, na hapo ndipo ukate.