Mpemba kufundishwa kupiga kafi

Mimi ni mtoto wa Wete, nimezaliwa na ngalawa mlangoni. Kwa hiyo nilipoajiriwa kuwa mlezi katika kambi ya wavulana huko Maine, Marekani, kwa viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana wageni, nikaambiwa kuna mtihani wa mtumbwi, nilicheka kimoyomoyo.

Kambi ni mali ya ukoo mmoja, kizazi cha tatu sasa. Wavulana hukaa wiki saba bila simu. Baragumu huwaamsha alfajiri, wanafagia vibanda vyao, wanaosha vyombo kwa zamu. Wengine kwao wana watumishi, na hiyo ndiyo asili ya kambi hizi: mwaka 1881 kijana Ernest Balch alifungua kambi ya Chocorua kwenye kisiwa cha ziwa Squam, New Hampshire, ili watoto wa matajiri wajipikie na kujifulia. Mimi ilinikumbusha jando, ila bila ngariba.

Basi siku ya mtihani nikakaa tezi, nikavuta kafi kulia. Mtumbwi ukaenda kushoto. Nikavuta kwa nguvu zaidi, ukazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Ngalawa ina matengo na tanga. Kidude hiki chepesi hakina chochote cha kukishika. Gatini wavulana wakashangilia.

Aliyeniokoa ni mvulana wa miaka 13, kiangazi chake cha nne pale. "Ukimaliza kuvuta, geuza kiganja, kidole gumba kitazame maji, halafu sukuma kafi nje kidogo." Siku tano, kila baada ya chakula cha mchana, alikaa omo akinikosoa bila huruma. Ya sita nikaenda hadi boya na kurudi, nimenyooka. Kisha nikapindua mtumbwi nikiwa na nguo zangu zote, maana nalo ni sharti. Maji ya ziwa lile mwezi wa Juni! Sikuweza kutamka hata bismillahi.

Ndipo nikaruhusiwa safari ya mto Allagash, uliohifadhiwa na jimbo tangu 1966. Kila kundi likirudi huandika majina kwenye kafi moja, ikatundikwa bwaloni; za zamani zimefifia hazisomeki. Bibi, mama wa mwenye kambi, akanipa brashi kwanza kwa kuwa mimi mgeni. Nikaandika kama tunavyoandika kwetu: langu, la baba, la babu. Wenzangu saba wakabanana kwenye mpini.