Shelfu za zamani hatukuziuza skrepa

Jamani, ghala letu la Nyakato, Mwanza, lina shelfu za chuma za tangu enzi za mzee mwenyewe. Kijana wake aliposhika biashara alitaka zote ziende skrepa, ziletwe mpya. Tukamwomba kwanza aite fundi azikague.

Fundi hata hakuhangaika na kutu, ingawa unyevu wa ziwani huku hauna huruma. Alichuchumaa kwenye nguzo za mbele, pale foklifti inapokatia kona, akasimamisha rula ya chuma. Mwanga ukapenya katikati. Nguzo imepinda! Hiyo hugongi nyundo ikanyooka, maana chuma kikishakunjika kimepungua nguvu. Inatolewa, inawekwa nyingine ya aina ileile. Kutu ya juujuu ikasuguliwa, ikapakwa rangi.

Pini za kufungia mihimili, vile vyuma vya kulala vinavyobeba mzigo, ndizo zilinichosha. Nyingi zilipotea zamani, watu wakachomeka misumari na maisha yakaendelea. Zikanunuliwa mpya, miguu ikafungwa boliti sakafuni na kuwekewa vikinga vya foklifti, kila safu ikabandikwa kibao cha uzito wa mwisho.

Bosi akaja na lake: mhimili wa chini upandishwe, magunia ya mchele yapangwe marefu zaidi. Fundi akagoma mpaka apige hesabu upya, kwa sababu mhimili wa chini ukipanda, uwezo wa nguzo kubeba uzito unapungua. Vile vibao navyo ingebidi vibadilishwe.

Mwenye shelfu kama hizi akitaka namba ya fundi, anitumie ujumbe.