Darasa moja, watoto tofauti

Mi nafundisha darasa la tatu shule ya msingi ya serikali, na humo ndani kuna mtoto anasoma hadithi bila shida na jirani yake dawati hilo hilo bado anahangaika na silabi, sasa ukiandika somo moja ubaoni unamfundisha nani? Tangu elimu bila malipo ianze hapa Tanzania 2016 madarasa yamefurika, kumfuata kila mmoja peke yake haiwezekani kabisa. Kwa hiyo asubuhi kwenye kusoma nawapanga kwa kiwango, sio umri: wa herufi huku, wa maneno pale, wa hadithi wakae wenyewe. Shirika la elimu la Pratham kule India wametumia njia hii miaka mingi na jamani inasaidia. Wa herufi nawapa vizibo vya soda nilivyoviandikia herufi, wanapanga ba, be, bi kwa mikono yao.

Mmoja alikuwa anaitwa mzito, kumbe haoni ubaoni! Nikamsogeza mbele, sasa anasoma. Walimu wenzangu, tuangalie macho na masikio kwanza. Na makundi yasigande, mtoto akipanda mhamishe siku hiyo hiyo.